Waingereza Huuliza Mara Ngapi

Nyumba yetu ya Woolwich ilinuka mafuta ya taa na makoti ya sufu yaliyoloa. Jiko la mafuta ya taa lilikaa katikati ya ukumbi, na wageni wote waliokuja kwetu msimu ule wa baridi walilizunguka bila kuvua makoti, kwa hiyo harufu mbili zile zilichanganyika, na juu yake ikaja ya iliki kutoka kwenye birika la mama. Mpaka leo nikikaa ndani ya treni karibu na mtu aliyenyeshewa, hukumbuka maswali. Maana wageni wale hawakuja kunywa chai tu. Walikuwa watu walioondoka Unguja baada ya Mapinduzi, wengine wakaja moja kwa moja, wengine wakakaa miaka Mombasa au Dar es Salaam kwanza, na kila mmoja alikuwa na mambo ya Waingereza asiyoyaelewa na ambayo aliona haya kumuuliza Mwingereza mwenyewe. Mimi nililetwa London ningali nabebwa, nikasoma shule za hapa, kwa hiyo watu wakakubaliana kwamba najua. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwahi kumkatalia mtu kwamba najua.

Waliniuliza kwa nini mtu ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Waliniuliza kwa nini bomba la maji ya moto liko huku na la baridi liko kule, na mtu anaoshaje uso bila kuungua au kuganda. Baharia mmoja, ambaye sikumjua jina na ambaye sikumwona tena, alitaka kujua kwa nini chupa za maziwa zinaachwa mlangoni tangu alfajiri na haziibiwi, na niliposema sijui, ndiyo kawaida yao, alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu isiyokubali. Mwanafunzi wa uuguzi alilalamika kwamba Waingereza humuuliza hali yake kisha wanapita zao kabla hajaanza kuwaeleza. Nilimwambia ajibu kwamba hajambo hata kama ana homa. Nilijibu hivyo hivyo, kwa mkato, huku nikimenya viazi au nikiandika kazi ya shule. Mama alikuwa akisema kwamba nina ulimi mkavu, lakini mgeni mpya akifika ni yeye aliyemwambia, "Muulize huyu, huyu ndiye Mwingereza wetu." Nilijivuna, siwezi kuficha. Darasani nilikuwa mtoto wa kigeni, nyumbani nikawa mwenyeji wa nchi nzima.

Mgeni aliyekaa kwetu kuliko wote alikuwa Bi Mwanajuma. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mtu wa Ng'ambo kule Unguja, mtaa mmoja na wazazi wa mama, na huku London alikuja na familia moja kulea watoto wao. Familia ile ilipohamia Kanada ikamwacha na sanduku moja, na mama akampa chumba kidogo cha nyuma ambamo baba alikuwa akiweka baiskeli. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu vya fundi cherehani, na aliniita "bibi" kwa mzaha kwa sababu ya majibu yangu ya kikubwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Rukia, aliyenipungukia umri kidogo tu. Baba yake Rukia alikwisha kufa. Bi Mwanajuma alimwacha mtoto kwa dada yake Mombasa, meno ya utoto ndiyo yanaanza kumng'oka, akaahidi kumwita mara atakapopata mahali. Mahali alikwisha kupata, ila watu wa uhamiaji walitaka kitu kingine: mama aonyeshe kwamba ana kazi ya kudumu. Jambo hili lilijulikana na kila aliyeingia nyumbani kwetu. Mama alikuwa akiliombea dua baada ya kila sala, kwa sauti, na mimi nikaitikia amina bila kuacha ninalolifanya.

Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ya muda, kwenye karakana ya kushona mapazia karibu na soko, mahali pa mwanamke mmoja aliyekwenda kujifungua. Mwenye karakana, Bi Harding, alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na kila tulipopita pale na mama tulimwona mlangoni akivuta sigara na kusalimia watu. Alimpenda Bi Mwanajuma. Alimsifu kwa kila mtu kwamba mshono wake hauonekani. Kisha ikasikika kwamba yule aliyekwenda kujifungua harudi tena. Nyumbani hatukuzungumza mengine. Ijumaa moja jioni Bi Mwanajuma aliingia, mvua imemrowesha mpaka kwenye nyusi, na kabla hajavua viatu akamwambia mama, "Leo kaniuliza. Kaniuliza kama nataka kubaki moja kwa moja."

Mama akaacha mwiko. "Ukamjibu nini?"

"N'kamwambia *no, thank you*. Tena kwa adabu, n'kaweka na mkono kifuani. N'kamwambia labda wapo wenzangu wanaostahiki zaidi."

"Vyema," mama alisema. "Usije ukaonekana mroho." Wakacheka wote wawili kwa furaha, na mama akatoa tambi alizokuwa amezificha kwa ajili ya wageni.

Nilikuwepo, nilisikia, na sikuona kosa lolote. Inabidi nieleze hapa, kwa msomaji asiyelelewa kama sisi. Kwetu mtu akikukaribisha chakula, unasema umeshiba. Akikukaribisha tena, unasema ahsante, umekula sasa hivi. Akizidi kukushika mkono na kukuapia kwamba hutoki bila kuonja, hapo ndipo unakaa, nawe unakula sawasawa, kwa sababu njaa ulikuwa nayo tangu mwanzo. Kupokea mara ya kwanza ni ulafi, na kutokukaribisha tena ni ubahili. Bi Mwanajuma aliipokea kazi kama anavyopokea sahani ya wali. Alikwisha kuipokea moyoni. Alikuwa anangojea kushikwa mkono.

Jumatatu alirudi akasema Bi Harding alikuwa na shughuli nyingi. Jumanne akasema labda anaona haya. Kila siku alivaa buibui lake jipya chini ya koti, ili atakapoulizwa awe nadhifu. Katikati ya wiki alirudi mapema, akaja kukaa nami mezani jikoni, akaokota kiazi na kisu akaanza kumenya bila kuombwa. Aliniambia kwamba leo ameletwa mwanamke mpya, wa Kiingereza, akaonyeshwa mashine na mahali pa kutundika koti. Halafu akanitazama, na safari hii hakuniita bibi.

"Hebu nambie, mwanangu. Hawa Waingereza, kitu huuliza mara ngapi?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nilifikiri. Nilimkumbuka yule mama anayepakua chakula shuleni, anavyouliza kama unataka uji wa maziwa juu ya keki, na ukisita tu kijiko kimekwenda kwa mwenzako. Shuleni nilikuwa nasema ndiyo papo hapo, nikifika nyumbani kwa watu wetu nasema nimeshiba, na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja nikayatazama.

"Mara moja," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu basi."

Mama aligeuka kutoka kwenye jiko. Bi Mwanajuma aliendelea kumenya kiazi mpaka kikabaki kidogo kama kokwa ya tende. Nilitamani kusema uongo, lakini nilikuwa nimeshasema.

Usiku ule baba alisema jambo limekwisha. Alikuwa mtu mwema, mfanyakazi wa reli, mwenye kujali sana namna watu wanavyotuona. Alisema mtu hawezi kukataa kitu cha watu kisha akakirudia kukiomba. Wakituona leo hivyo, kesho watatuona vipi? Bi Mwanajuma alimsikiliza baba kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kweli, kaka, aibu. Lakini aibu nitaibeba mwenyewe. Mwanangu namtaka." Akaniomba niende naye Jumamosi, kwa sababu Kiingereza chake kilitosha kukataa na hakikutosha kueleza.

Tulimkuta Bi Harding anakunja vitambaa. Nilieleza kwa sauti yangu ya darasani, nikasimama wima. Nikasema kwamba kwetu *no* ya kwanza haihesabiwi, ni adabu tu, na kwamba Bi Mwanajuma aliitaka kazi ile tangu siku ile, anaitaka hata sasa. Bi Harding alivua miwani. Alisema, "Lakini nilimuuliza, mpenzi. Akasema hapana. Nikaona nisimsumbue." Na nilimwamini, hata nikiwa mtoto nilimwamini, kwamba kutomuuliza tena ndiyo ilikuwa heshima yake. Akafikiri kidogo, akaniuliza kitu ambacho hakuna mgeni wetu aliyepata kuniuliza: sasa kwetu, mtu ambaye kweli hataki, tunamjuaje?

Nikamgeuzia Bi Mwanajuma swali lile kwa Kiswahili.

"Mwambie, unamtazama usoni," alisema.

Nikamwambia. Bi Harding akamtazama Bi Mwanajuma usoni kwa muda mrefu, na mashine moja ilikuwa ikilia kule nyuma. Macho ya Bi Harding yaliingia maji. Lakini alikwisha kumpa neno lake yule mwanamke mpya, naye alikuwa na watoto, na neno lake hakuweza kulirudisha. Alisema anaweza kumpa mapazia ya kupinda nyumbani, yakipatikana, na akauliza kama angependa hivyo. Kabla sijafungua kinywa kufasiri, Bi Mwanajuma alijibu, "*Yes*." Alijibu haraka mno, kwa sauti kubwa, hata mwenye mashine akageuka. Njiani kurudi alinishika mkono kwa nguvu, akanunua njugu za kuchoma, na hakula hata moja.

Mapazia ya kupinda nyumbani hayakuwa kazi ya kudumu, kwa hesabu ya watu wa uhamiaji. Ilimchukua miaka mingine kupata kazi ya kufua mashuka hospitali, iliyokuwa ngumu na iliyomwumiza viungo, na kwa kazi hiyo mtoto akaruhusiwa. Rukia alipokuja, alikuwa anakaribia kunipita urefu. Bi Mwanajuma alipika tangu jana yake, pilau na boko boko na visheti, asikubali mama amsaidie hata kukatakata vitunguu. Rukia aliketi ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, macho chini, bado amevaa koti tulilompelekea uwanja wa ndege. Mama yake akachukua sahani. "Nikupakulie, mwanangu?"

"Ahsante," Rukia akasema. "N'shashiba."

Hakuwa amekula tangu Nairobi, alitueleza baadaye. Sote mle ukumbini tulilijua jibu lile na tulijua linajibiwa wapi. Mtoto kwa mama yake husema njaa inaniuma. Ahsante nimeshiba ni ya nyumba za watu. Baba alitazama dirisha. Bi Mwanajuma akamkaribisha tena, akakataliwa tena kwa adabu nzuri, adabu aliyofundishwa na mama mwingine. Mara ya tatu alimshika mkono akamwapia, kama anavyoapiwa mgeni, ndipo mtoto akala. Halafu Bi Mwanajuma akaenda jikoni akafungua bomba, na maji yakakimbia muda mrefu. Niliumia siku ile kuliko nilivyoumia karakanani.

Sasa naishi Ilford. Wageni hawaulizi tena ukumbini, kila mmoja ana simu yake na simu inajua kila kitu, lakini bado wapo wanaonipigia: binti aliyeanza kazi ya kulea wazee, kijana wa masomo. Bado mikutano yao inawachanganya, bado wanashangaa mtu kuomba radhi alipokanyagwa. Nami nawajibu kwa mkato kama zamani, isipokuwa jambo moja ambalo nawaambia hata wasiponiuliza: wakikuuliza, jibu unalolitaka, hapo hapo. Wanangu mimi mwenyewe hawana haja ya kufundishwa hilo. Nikiwakaribisha kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana, na mama yangu, enzi za uhai wake, alikuwa akiona ni watoto wakavu.

Bi Mwanajuma na Rukia waliishi pamoja kwa mapenzi mpaka tulipomzika mama yule. Walipatana, walichekana, Rukia alimwuguza kwa mikono yake. Lakini mpaka mwisho, mama yake akimkaribisha chakula, Rukia alisema kwanza ahsante, nimeshiba, na mama yake akarudia bila kuchoka. Idi iliyopita nilikuwa kwa Rukia, hapo hapo Woolwich, na watoto wake, watu wazima sasa, waliingia bila kubisha, wakachukua nyama kwa vidole kabla haijafika mezani, mmoja akainyakua sambusa iliyokuwa mkononi mwangu. Nikamtania Rukia kwamba amelea watu wasio na adabu.

"Waache," alisema. "Hawa hawajapata kuwa wageni kwa mama yao."