Zubeda na Mchango wa Vitanda

Zubeda Yasini ana oteli ya vyumba sita hapa Baraka, karibu na ziwa lakini si karibu sana, na hiyo "si karibu sana" ndiyo iliyomwokoa maji yalipopanda. Jengo lenyewe lilikuwa depo ya mume wake, marehemu Assumani, mwenye mitumbwi ya injini iliyokuwa ikibeba mawese na ndagala, yaani dagaa, kati ya hapa, Ubwari na Uvira. Assumani alipofariki, ndugu zake walichukua mitumbwi, depo ikabaki kwa mjane. Akaigawa vyumba, akaweka vitanda na vyandarua, akachimbisha choo kizuri. Pombe haiuzwi pale. Wapenda kelele wanapita mbali, na wapenda usingizi wanafika.

Wageni wake aliwajua ni watu wa namna gani. Kuna wa ONG, mashirika ya misaada, wanaokwenda kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Kuna wanunuzi wa dhahabu, wanaolala na mfuko chini ya kichwa kabla ya kupanda pikipiki ya kwenda migodini Misisi. Kuna walimu wakati wa mitihani. Na kuna watu wa misiba, ambao ndio wengi. Kila mmoja ana sababu yake, na anaitaja mlangoni kabla hajaulizwa. Mtu wa kuja kutazama tu kisha akarudi kwao, huyo Zubeda hakuwahi kumwona.

Kwa hiyo siku tulipoitwa kwenye sale, ukumbi wa parokia, sisi wote wenye oteli na wengine tuliofuata habari, hakuelewa vizuri. Aliyetuita alikuwa Henri, kijana mpole kutoka Bukavu, aliyetumwa na shirika moja dogo la kukuza turisme, yaani utalii. Alisema oteli zote, kuanzia pwani ya Baraka hadi Fizi-centre kule mlimani na mpaka Lulimba, zitakuwa eneo moja. Kila kitanda kikilaliwa usiku, mwenye oteli atatenga kipande kidogo cha bei na kukitia katika kasha moja. Kasha hilo halitagawanywa wala kukopeshwa. Kazi yake itakuwa moja tu, kulitangaza mbali jina la Fizi, wilaya yetu yote, ili watu waje. Na wenye oteli wakikubali zaidi ya nusu, basi wote wamefungwa na neno hilo, hata waliokataa.

Zubeda alijaribu kulipima jambo hilo kwa kitu anachokijua, yaani likelemba. Katika likelemba mnachanga, leo anakamata huyu, kesho yule, na zamu yako inafika. Akainua mkono akauliza zamu yake itafika lini. Henri akafurahi kwa swali hilo, akajibu kwamba hapa zamu inafika kwa wote kwa wakati mmoja. Zubeda akakaa, akaanza kulifikiri jibu hilo. Alikuwa bado analifikiri aliposikia jina lake. Mama Gentille, mwenye oteli kubwa yenye bar pale sokoni, alikuwa amesimama na kusema kwamba mtu asiyekunywa wala kuuza pombe ndiye wa kulinda kasha. Watu wakapiga makofi. Zubeda alinyamaza akitafuta namna ya kukataa bila kumwaibisha Gentille, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukubali.

Njiani kurudi nyumbani walikuwa wameshaanza kumwita mama prezida. Mwanamke mmoja muuza mihogo alimwuliza ni prezida wa nini. Akajibu, wa turisme. Mwanamke akasema, "Aa, vizuri," na wote wawili wakaachana hapo bila mmoja wao kujua kilichosemwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwavuta wenye oteli wa Fizi, maana bila wao nusu haifiki. Akapanda pikipiki siku ya matope. Sehemu nyingine alishuka na kutembea kwa mguu, pikipiki ikisukumwa mbele yake, mpaka akafika kwa Papa Jacques. Huyu ndiye mwenye oteli mkongwe kuliko wote kule juu, analaza mahakimu na wachungaji, na vita vyote vimepita juu ya paa lake. Alimpa chai na ndizi mbivu, akamsikiliza mpaka mwisho.

Kisha akauliza kuhusu Leta, yaani serikali: "Hii mali, Leta njo inakamata?"

"Hapana, papa. Ni sisi benyewe."

"Na mwenye anakatala?"

"Kama bengi banakubali, naye analipa."

Papa Jacques akaweka kikombe chini. "Sasa mama, kama ni sisi benyewe, ule mwenye anakatala naye si ni sisi? Na kama analipa bila kupenda, iko tofauti gani na mali ya Leta?"

Zubeda akainuka. Akamwomba ruhusa, akatoka nje kumpigia Henri simu, lakini rezo ya simu ilikuwa imekatika mlima mzima. Akarudi akakaa. Angeweza kubuni kitu. Badala yake akasema, "Papa, mi mwenyewe siko naelewa. Bananichagua vile tu."

Papa Jacques akammiminia chai nyingine. Akasema kwamba katika maisha yake wengi wamekuja kumwomba mchango, na wote walikuwa wanaelewa sana. Huyu ni wa kwanza kusema haelewi, basi ataingia, amwone anaishia wapi. Ila walipokuwa wakiagana kwenye pikipiki, aliongeza kwamba wageni wakiwa wengi Leta itaona haya na kutengeneza barabara. Zubeda akatikisa kichwa kwa adabu tu, kama mtu anavyofanya akisemeshwa na mzee. Mlima wote wa kushuka alijiuliza kama kule kutikisa kichwa kulikuwa ahadi.

Kura ikapita. Henri alifurahi sana, akatangaza kwamba Fizi imeongea kwa sauti moja. Zubeda, aliyezunguka kwa wote, alijua si hivyo. Papa Jacques alikubali kwa ajili ya barabara. Gentille alikubali kwa sababu mgeni mwenye hamu ya kutembea ana kiu pia. Mwenye oteli wa Lulimba aliamini mchango huu utamkinga na kodi nyingine, na hakuna aliyemwambia hivyo. Walisema ndiyo moja kwa vitu mbalimbali. Alijaribu kumweleza Henri, naye akasema kila mwanzo uko hivyo, neno lililomchanganya zaidi, maana hakujua kama lile lilikuwa jibu.

Kisha ikaja siku ya tangazo. Henri alitaka sauti ya mama wa Baraka, akamletea maneno aliyoyaandaa, yenye "destinasio" na "urithi wa asili" ndani yake. Zubeda akayasoma mara nyingi na ulimi ukagoma. Mwishowe Henri akamwambia ayaache, aseme kama anamsemesha ndugu aliye mbali. Akakohoa, akasema ndani ya simu ya Henri iliyokuwa ikirekodi: "Mi Zubeda wa Baraka. Ziwa iko, milima iko, samaki ya mukeke iko. Mulienda siku mingi. Mukuje mutuone. Vitanda biko."

Ilisikika kwenye redio ya hapa. Halafu ikaingia kwenye simu za watu, ikatoka kundi hadi kundi, ikavuka kwenda sehemu ambazo Zubeda hazijui hata kwa jina. Jirani mmoja alikuja kumwambia kwamba shemeji yake ameisikia akiwa Australia. Zubeda akauliza shemeji huyo anakuja lini. Jirani akasema haji, alitaka tu kumsalimu.

Mtu wa kwanza aliyekuja alivuka ziwa kutoka Kigoma. Alikuwa na miaka kama arobaini, begi dogo, viatu vilivyong'arishwa, na macho mekundu ya safari. Zubeda alipomwona tu mlangoni alijua la kusema.

"Pole, baba. Umefikia msiba ya nani?"

"Sikuja msibani, mama. Nimekuja kutembea. Nilisikia sauti yako kwenye simu."

"Kutembea kwa nani?"

"Sina mtu hapa," alisema, akacheka kidogo kwa aibu. "Mimi ni mtalii."

Jina lake ni Néhémie. Baba yake alikuwa Mubembe wa kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Baraka. Wakati wa vita walikimbia naye akiwa mtoto, akakulia kambini Nyarugusu, na sasa ana duka la vipuri vya pikipiki kule Kigoma. Ndugu zake wengine wametawanyika Marekani na kwingineko, na aliyebaki huku hakuna. Alitaka kukiona kijiji.

Zubeda alichanganyikiwa tangu sahani ya kwanza. Mwana wa nchi hadaiwi kitanda, lakini huyu alisisitiza kulipa. Turiste, kwa alivyosikia, anataka vyakula vyake, lakini huyu aliomba bugali na mukeke, akauliza kama sombe, majani ya mihogo, ipo. Akampigia Henri. Henri akasema ampe mtu wa kumwongoza. Mtu wa namna hiyo hatukuwa naye mji mzima. Basi asubuhi Zubeda akajitanda kitenge, akamwomba Darius, mvuvi wa jirani mwenye mtumbwi wa injini, wakaondoka watatu.

Walikwenda wakiambaa ufuko. Walipofika, Darius akazima injini, na mtumbwi ukaelea. Mbele yao palikuwa maji. Michikichi iliyokauka ilisimama ndani ya ziwa bila majani, na pembe ya ukuta mmoja ilitokeza, ndege weusi wameikalia. Ziwa lilipopanda lilikula kijiji, watu wakahamia juu ya mlima, na Zubeda, aliyezoea kupasikia tu kwa jina, hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba napo palizama.

Néhémie aliuliza barabara ilipita wapi. Darius akaonyesha chini kwa kidole. Akauliza kanisa. Darius akaonyesha chini tena, kidogo kulia. Néhémie akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Kisha akaanza kuuliza familia, moja moja, na Darius akamwambia hawa wako mlimani, wale wamekwenda Uvira, wale hakuna anayejua.

Zubeda alikaa katikati ya mtumbwi na aibu imemjaa. Sauti yake imemvusha mtu ziwa zima, na hana cha kumwonyesha. Akasema, "Unisamehe, baba. Sikujua. Singesema mukuje."

"Nilijua, mama," Néhémie akajibu. "Picha walinitumia maji yalipokuwa yanapanda. Nimejua siku nyingi."

"Sasa ulikuja kuona nini?"

Akautoa mkono majini. "Kuona ni wapi," akasema.

 Zubeda aliona kwamba mtu huyu hakusikitika kama alivyotarajia, wala hakufurahi, na yeye hakujua amfariji au amwache. Akamwacha.

Néhémie alikaa siku kadhaa zaidi. Alizunguka sokoni, akapanda Fizi akalala kwa Papa Jacques ili alitazame ziwa kutoka juu, akashuka tena. Siku ya kuondoka alishika mkono wa Zubeda kwa mikono yake miwili, akashukuru kwa Kibembe kibovu, na Zubeda akajikuta analia bandarini kwa mtu ambaye si ndugu yake, bila msiba wowote.

Komite ilipokutana, ugomvi ulikuwa mmoja: je, yule alikuwa turiste? Gentille alisema hapana, ni mwana wa hapa, basi kasha halijaleta mtu bado. Henri, aliyekuwa Bukavu akiongea kwenye simu iliyowekwa mezani, alisema ndiyo, turiste ni yeyote anayelala mbali na kwake. Mtu akauliza, sasa kwake ni wapi?  Papa Jacques, aliyeshuka kwa mara ya kwanza, alisema yeye hajui mgeni huyo aitwe nani, ila Néhémie ameahidi kurudi na dada yake, na yeye chumba ameshakiandaa. Wengine wakaona ni dhambi kumtoza mchango mtu aliyekwenda kutazama kaburi la kijiji chake. Wote wakamgeukia prezida.

Zubeda alisema hajui. Kitanda kililaliwa, hilo alilijua. Na alijua kwamba Darius aliacha nyavu zake siku nzima, hakulipwa kitu, na akija mwingine hatamwomba tena bure. Akapendekeza kasha limlipe anayewapeleka watu ziwani. Henri akasema kwa upole kwamba sheria ya kasha ni kutangaza tu.

"Na muntu akipokelewa vizuri," Zubeda akauliza, "ile haiko kutangaza?"

Henri akasema hilo itabidi aulize Bukavu. Tulingoja jibu mpaka tukachoka, na Darius akalipwa kutoka kashani.

Baadaye Henri alihamishiwa mkoa mwingine. Oteli mbili zilijitoa, moja ikarudi. Watu wameendelea kuja, si wengi: mama na binti zake wawili kutoka Lubumbashi, mchungaji kutoka Lusaka, na Néhémie pamoja na dada yake. Mara moja walikuja Wazungu wawili kwa baiskeli. Komite nzima ilivaa vizuri na Gentille akachinja kuku. Wale waliomba umeme wa simu, wakalala mapema, na alfajiri wakaondoka kuelekea kusini bila kuuliza chochote. Zubeda alibaki amesimama na chai ya watu wawili mkononi.

Mwezi uliopita komite iliamua kuweka bandarini kibao cha kuwakaribisha wageni. Wa Baraka walitaka Baraka itangulie, Papa Jacques akataka Fizi, na mchoraji, ili asigombane na mtu, aliandika majina yote mawili kwenye mstari mmoja kwa herufi ndogo. Zubeda alikwenda na Darius majini kuona kama kinasomeka. Darius alisema kinasomeka. Zubeda alikaza macho na kusema haoni neno. Wakasogea, wakarudi nyuma, wakasogea tena, na hawakukubaliana. Kitachorwa upya.