Rangi Ndani ya Ufa

Habari ya ajali ilimkuta Wanyama amelala chali chini ya pikipiki ya mteja, na kabla hajauliza kama Vera yu hai, aliuliza, "Fremu? Umesema fremu imekatika?" Baadaye aliona aibu kwa swali lile. Lakini ndivyo lilivyomtoka.

Vera ni binti wa dada yake. Alikuja Kampala kutoka Busia ya upande wa Kenya, akapata kazi ya kusambaza mikate kutoka kiwanda kimoja cha Bugolobi hadi maduka ya Kisugu. Alipotaka kununua pikipiki yake mwenyewe, wenzake walimshauri achukue zile za bei nafuu zilizojaa mjini. Mjomba wake akakataa katakata. "Nagoro," alimwambia. "Usinitajie jina lingine."

Hakusema kwa kubahatisha. Alikuwa ametengeneza pikipiki Nakawa kwa miaka ishirini na mitatu, na Nagoro yake mwenyewe, ya mwaka 2003, ilikuwa imebeba simenti, mbuzi, vitanda vya chuma, na mara moja jeneza la mtoto wa jirani, bila kupata hata ufa. Nusu ya waendesha boda wa kituo cha karibu walinunua Nagoro kwa sababu Wanyama alisema wanunue.

Ile ya Vera ilikuwa na miezi saba. Asubuhi ya saa nne, akiteremka Kisugu na kreti mbili za mikate nyuma, usukani ulibaki mikononi mwake na pikipiki ikaenda zake. Fremu ilikuwa imekatika shingoni, pale ilipochomelewa. Alitupwa mtaroni, akavunjika mfupa wa bega na meno mawili ya mbele.

Wanyama alimwona hospitalini, kisha akaifuata pikipiki, akaipakia kwenye pikapu na kuileta gereji. Alipoinamia pale palipokatika, damu ilimpanda kichwani. Ndani kabisa ya ufa mlikuwa na rangi. Rangi nyekundu ya kiwandani, safi, bila chembe ya vumbi. Maana yake ilikuwa moja tu: siku mashine ile ilipopakwa rangi, ufa ulikuwepo tayari. Mtu aliuona, au hakujali kuutazama, akaufunika.

Akachukua msumeno, akakata kipande cha bomba la fremu ile, chenye ule ufa. Akaenda kwenye lundo lake la vyuma, akakata kingine kwenye fremu ya Nagoro ya zamani. Akaviweka bega kwa bega. Bomba jipya lilikuwa na unene wa nusu ya lile la zamani.

"Washenzi," alisema peke yake. "Washenzi wakubwa."

Kesho yake alivipeleka vyote viwili dukani kwa wakala wa Nagoro, kulikopangwa pikipiki mpya zikimetameta nyuma ya kioo. Meneja, bwana mmoja mpole aitwaye Tarcisio, alivigeuzageuza vipande vile kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza.

"Mzee, fremu haikatiki bure," alisema. "Huyo dada alizidisha mzigo."

"Mzigo gani?"

"Watu wa biashara wanabeba kupita kiasi. Tunawajua."

"Alibeba mikate!" Wanyama alipaza sauti hadi wateja wakageuka. "Mkate, ssebo! Unajua mkate una uzito gani? Mimi nilibeba vitanda! Hii rangi iliingiaje ndani ya ufa? Vera aliipaka akiwa hewani?"

Tarcisio hakuangalia rangi. Alimwangalia mlinzi.

"Mzee, wewe toka inje pole pole," mlinzi akasema, akimshika kiwiko.

Alitoka, lakini si polepole. Alipofika gereji alivitundika vile vipande viwili mlangoni kwa waya, na kila aliyeuliza alielezwa. Jumamosi waendesha boda walikuwa wakipanga foleni kuvitazama. Wengine walicheka. Mmoja, Opoka, aliyenunua Nagoro mwaka huo huo, hakucheka. "Si ni wewe ulituambia tununue?" aliuliza. Swali lile lilimchoma Wanyama kuliko mkono wa mlinzi.

Wiki iliyofuata alikuja Usama, fundi mkuu wa wakala. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa, sahani moja, chai moja. Siku hiyo Usama alisimama mlangoni kama mgeni.

"Mzee Wanyama, wanampa Vera fremu mpya, na matengenezo yote juu yao. Ila hivi viondoke, na Vera atie saini karatasi yao."

"Na wewe unasema nini, ndugu yangu? Siyo wao. Wewe."

Usama akashusha sauti. "Wallahi, injini ni ile ile. Ile bado ni chuma cha kweli. Lakini fremu siku hizi zinatoka kwingine, jina tu ndilo lile. Nimewaandikia mara mbili."

"Na bado unaziuza."

"Nina watoto, mzee."

"Hata dada yangu ana mtoto! Yuko hospitali hana meno!"

Usama akaondoka bila kuaga. Wanyama alikwenda moja kwa moja kwa Vera kumweleza kwamba amekataa. Alitarajia asifiwe.

"Umekataa kwa niaba ya nani, Mjomba?" Vera aliuliza, maneno yakipita kwa shida kwenye pengo la meno. "Hasira ni zako. Bega ni langu, na kazi ni yangu. Kiwanda hakinisubiri."

"Wanataka tunyamaze."

"Leta hiyo karatasi yao niisome."

Usama akaileta karatasi hospitalini. Mstari wa tatu ulisema ajali ilitokana na kuzidisha mzigo. Vera aliomba kalamu, akaukata mstari ule kwa mkono wa kushoto, mara tatu, mpaka karatasi ikatoboka. "Mwambie Tarcisio asaini hapo hapo pembeni," alimwambia Usama. "Asiposaini, vile vyuma nitavitundika mwenyewe kwenye geti lake." Tarcisio alikaa nayo siku mbili, kisha akasaini.

Wanyama alivishusha vipande vyake akilaani. Fremu mpya ilipofika, hakumruhusu mtu aifunge. Aliikwangua rangi shingoni, akachomelea mabati manene pande zote mbili. Mashine haijatembea hata hatua moja na tayari inawekewa viraka! Opoka akaleta yake, kisha wengine kumi. Wanyama alikwangua shingo zote kumi na moja. Tatu zilikuwa na rangi ndani ya ufa.

Hakuna aliyemwomba radhi, wala yeye hakungoja. Kwa siku nne alichomelea chuma cha watu wengine, macho mekundu kwa moshi, na kila aliyemuuliza ni pikipiki gani anunue alimjibu kwa ukali kwamba hajui, aende akakwangue mwenyewe.