Waoshe Wote Wawili

Vidole vya Akiror vilikuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka hata kwa sabuni ya kipande, na wenye midomo yao pale Malaba mpakani wakasema eti mama huyu anapika chang'aa, ile pombe haramu. Chang'aa gani? Ilikuwa dawa ya kuoshea picha tu. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na foleni ya malori, na nyuma ya pazia alikuwa na kijichumba cha giza alichoziba kila ufa, maana filamu ambayo haijaoshwa ikiona mwanga, basi imekwisha.

Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na nne filamu ilikuwa bado ndani ya kamera. Jacinter, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ametoka pale muda si mrefu. Jumapili Akiror alikuwa amempiga picha kibandani kwake akiwa amewapakata pacha wake, Apiyo aliyetangulia kuzaliwa na Adongo aliyemfuata, wasichana wa miezi saba ambao hata baba yao aliwachanganya, na siku hiyo walivaa gauni sare. Jumatano malaria ikamchukua Adongo. Mazishi yalikuwa kesho, na mtoto yule hakuwa na picha nyingine popote.

"Waoshe wote wawili, dada," Jacinter alimwambia mlangoni. "Sijawahi kumpa mmoja nikamnyima mwenzake."

Kusema ni rahisi! Jua la Jumapili ile lilikuwa kali, na bati la kibanda lilitupa kivuli nusu kwa nusu: mtoto mmoja alikaa juani, mwingine kivulini. Soko lote lilijua Jacinter huwapakata vipi, Apiyo mkono wa kulia na Adongo wa kushoto, tangu walipozaliwa. Wa kivulini alikuwa mkono wa kushoto. Basi marehemu ndiye aliyekuwa gizani.

Dawa aliyoizoea Akiror ilikuwa kali. Akiosha kama siku zote, wa juani atatoka vizuri na wa kivulini atakuwa gauni lisilo na uso. Akizidisha muda, wa kivulini ataonekana, lakini wa juani ataungua abaki mweupe kama unga. Njia ya tatu aliwahi kuisikia kwa marehemu mzee Emojong wa Tororo, aliyemfunza kazi: zimua dawa kwa maji mengi, tumbukiza filamu, usiitikise, ngoja. Dawa dhaifu huchoka mapema penye mwanga, na kwenye kivuli huendelea polepole. Hakuwahi kuijaribu hata mara moja. Ikikataa, angetoa filamu tupu, na filamu haioshwi mara ya pili.

Akaingia gizani, akapapasa, akashika chupa ya dawa kali. Apiyo yuko hai, alijiambia, nitampiga picha hata kesho kutwa. Adongo hana kesho kutwa. Mwache Apiyo aungue. Nani atanilaumu?

Kifuniko kilikuwa kimeshafunguka. Lakini yale maneno ya mlangoni yalimng'ang'ania, wote wawili, wote wawili, mpaka akakasirika. Alimkasirikia Jacinter, akalikasirikia jua, akamkasirikia na mzee Emojong aliyekwenda zake kabla ya kumwonyesha kwa mikono. Kisha akamimina dawa kidogo na maji mengi, akatumbukiza filamu. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Alingoja gizani huku jasho likimtiririka mgongoni, akiomba Mungu kwa Kiteso na kwa Kiswahili, asije akakosa kueleweka.

Alipoitia filamu dawa ya kukazia picha, akaisuuza na kuiinua kwenye mwanga, nyuso zilikuwa mbili. Hafifu, lakini mbili. Akalia kidogo, akajipangusa, akachapisha picha.

Jacinter alikuja saa za alasiri, kanga kichwani. Aliishika picha kwa mikono yote miwili. Kisha akaweka kidole juu ya mtoto wa juani.

"Adongo wangu," akasema.

Akiror alidhani uchungu umemchanganya. Akamwambia taratibu kwamba Adongo ni huyu wa kivulini, wa mkono wa kushoto.

"Hapana, dada. Siku hiyo nilibadilisha. Adongo alikuwa anatetemeka, nikamweka upande wa jua apate joto. Sikujua ni homa."

Akiror alishika ukingo wa meza. Ile chupa ya dawa kali ilikuwa rafuni nyuma ya pazia, na hakuthubutu kugeuka kutazama huko. Angeitumia bila kuizimua, aliyeungua angekuwa Adongo.

Jacinter akamwomba amtengenezee nakala nyingine. Moja Adongo ataenda nayo, akasema, na nyingine ni ya Apiyo.

Akiror akaitikia, akarudi nyuma ya pazia. Akaifunga kwanza ile chupa, ndipo akatoa karatasi ya pili.