Dakika Kumi za Fundi Makufuli

Siku tuliyomzika baba, mkubwa wake wa kazi alisimama mbele ya waombolezaji, akakohoa, akasema kwamba katika miaka ishirini na sita ya upelelezi marehemu hakuwahi kukosea. Mama akanifinya paja kabla sijafungua kinywa. Ananijua. Baba mwenyewe aliniita Mdomo tangu nina miaka minne, na stashahada niliyoiacha njiani haikunisaidia kubadili jina.

Nikanyamaza, maana msibani si mahali pa kumwumbua mtu mzima. Lakini baba alikosea. Alikosea mara moja, akakosea kwelikweli, na aliyetaka kumfukuza kazi kwa kosa hilo ni huyohuyo mkubwa aliyekuwa akijifuta macho makavu kwa leso iliyopigwa pasi.

Baba alikuwa na sharti lake: mtu hakamatwi mbele ya watoto wake. Akifika kwa mshukiwa akakuta watoto, humwambia, "Nakupa dakika kumi. Wapeleke kwa jirani, waage vizuri, kisha njoo twende." Wenzake walimcheka, wakamwita Yaya. Yeye alisema ukimfunga mtu pingu mtoto wake akiona, umefunga wawili. Na kwa miaka mingi hakuna aliyemkimbia.

Nyumbani nako alikuwa na sheria zake. Saa nne asubuhi, iwe mvua iwe maiti, alirudi kunywa chai na yeyote aliyekuwepo. Alituhoji kama wezi: "Anza mwanzo. Usiruke." Na kulikuwa na ile ya kandambili. Kandambili za nyumbani zilipangwa nje ya mlango. Ndani kukiwa na hatari, geuza ya kushoto juu chini, naye atajua kabla hajaingia. Nilimtania miaka na miaka. "Baba, je, hatari ikiwa ni mapishi ya mama?"

Basi akaja fundi makufuli.

Fundi huyu aliwafungulia wezi ghala, mlinzi akatokea, naye fundi akampiga chuma cha kichwa, mlinzi akalazwa. Baba akamfuata kwake, katika nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, akamkuta anawakatia wanawe wawili mkate. Akampa dakika kumi. Yeye akasimama mlango wa mbele, mwenzake wa nyuma. Walichosahau ni mlango wa tatu, ule wa kuingilia chumba cha jirani, uliofungwa miaka mingi na kuzibwa kwa kabati. Unamwachia fundi makufuli mlango uliofungwa! Watoto walipelekwa kwa jirani kama alivyoagizwa. Baba yao akayeyuka.

Jumanne mkubwa akachukua bastola ya baba, pingu na kitambulisho. "Ijumaa saa sita mchana," akamwambia, "fundi asipokuwa kituoni, nasaini barua yako ya kufukuzwa." Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, kitanda cha mama nacho kingekuwa barabarani.

Jumatano baba alizunguka mitaani kwa miguu. Alhamisi vilevile. Ijumaa alitoka alfajiri, mama akaenda zamu yake hospitalini, mimi nikabaki na Kitinda, mdogo wetu wa miaka saba, aliyekuwa na tetekuwanga. Niliposhuka bombani kuchota maji nilimfungia ndani, nikatia ufunguo mfukoni. Niliporudi kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Nikafungua. Kwenye kiti cha baba ameketi mwanamume.

"Dada," Kitinda akasema, "huyu mjomba ameingia kwa mlango wa jikoni. Anasema kitasa chetu ni takataka."

"Ni takataka kweli," yule akasema. "Waya mmoja tu. Mwambie baba yako akibadilishe." Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na haukutoka.

Ndoo ilinielemea ghafla. Nikaitua. "Baba amesafiri."

"Saa nne hunywa chai hapa. Mtaa mzima unajua. Sasa ni saa nne kasorobo. Keti."

"Nina maji machafu ya kumwaga nje."

Akaitazama ndoo. Maji yalikuwa safi hata ungejiona uso. "Hayo?"

"Yamekuona, yamechafuka."

Sijui mdomo huu nilipewa na nani. Alinikazia macho, kisha kitu fulani kikamtoka puani, karibu kicheko. "Nenda. Mtoto anabaki. Ukipiga kelele, shauri yako."

Nikamwaga maji mlangoni, na katika kuinama nikageuza kandambili moja. Nikarudi kuketi. Saa ya ukutani ilitembea kama inayopanda mlima. Kitinda alikuwa akijikuna. Fundi akamwambia, "Usijikune, itabaki alama," kwa sauti ya mtu anayeyasema hayo kila siku kwao. Mkono bado mfukoni.

Saa nne na dakika tatu nikasikia hatua za baba. Zikafika mlangoni, zikasimama.

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona anachuchumaa, anafungua kamba za viatu, moja, kisha ya pili, polepole, kama aliyefika kuzuru. Akaigeuza kandambili ikakaa sawa. Akaingia na soksi, mkate mkononi, bila silaha yoyote, maana bastola yake ilikuwa kwa mkubwa.

"Fundi. Umeshakunywa chai?"

"Sikuja kwa chai, afande."

"Najua. Watoto watoke kwanza."

"Wakitoka utaniletea wenzako."

"Siku ile kwako niliogopa utakimbia," baba akasema. "Nikakupa dakika kumi hata hivyo. Na mimi nakuomba zangu."

Niliuona mfuko wa koti ukijaa, ngumi ikijikaza ndani yake. Baba hakuusogelea wala hakuutazama. Alimtazama usoni tu. Nikahesabu madoa ya Kitinda ili nisipige yowe. Nilifika kumi na tisa.

"Watoke," fundi akasema.

Nikambeba Kitinda mpaka kwa jirani, nikamwacha, nikarudi mbio chini ya dirisha. Baba alikuwa akisema, "Anza mwanzo. Usiruke."

"Jana wenzako walikuja kwangu," fundi akasema, sauti imekatika. "Wamevunja mlango kwa mateke. Mlango niliouunda mwenyewe. Mwanangu mkubwa amejikojolea, afande, na ana miaka kumi. Wamemuuliza baba yako yuko wapi, wamemshika shingo. Sitaki kukamatwa na wale. Nataka unipeleke wewe."

Kitu kikagonga meza. Nikafumba macho. Nilipochungulia, mezani pamelala kishada cha waya na funguo bandia, na mkono wa fundi uko wazi.

"Mlinzi?" akauliza.

"Amefumbua macho jana. Utamjibu mahakamani." Baba akakata mkate. "Sasa kunywa chai. Safari ni ya miguu."

Niliwafuata kwa mbali. Walitembea bega kwa bega, bila pingu, kama mashemeji wanaokwenda kuposa, na kila kona nilisema sasa anakimbia, sasa. Barabara kuu baba alitangulia kuvuka. Alimpa mgongo! Fundi akasimama upande huu, magari yakipita kati yao. Kisha akavuka.

Saa sita kasoro dakika kumi na moja walipanda ngazi za kituo. Mkubwa alitoka, kalamu sikioni, akawatazama.

"Pingu ziko wapi?"

"Ulizichukua mwenyewe Jumanne, afande."

Barua haikusainiwa. Cheo nacho hakikupanda tena mpaka anastaafu, na sharti lake hakuliacha, ila tangu siku hiyo alihesabu milango kwanza, na iliyo nyuma ya kabati ikiwemo.

Nilimtangulia kufika nyumbani. Nilimngoja mlangoni nisifiwe, na mtu ana haki ya kusifiwa. Akaketi kizingitini, akazitazama kandambili.

"Mdomo. Umegeuza ya kulia. Nilisema ya kushoto."

"Baba!"

"Ningeweza kudhani ni upepo."

Akainama avue viatu. Vidole vikashika kamba, vikaiachia, vikashika tena. Asubuhi alizifungua taratibu, jambazi yuko ndani nasi. Sasa fundo la kawaida lilimshinda, mikono yote miwili inatetemeka kama ya mgonjwa wa homa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamfungulia, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Nilikuwa na utani wa kumwambia. Ulikuwa mzuri pia. Nikaumeza.