Siku ya Kwanza Kuanika Dagaa

Nimefungua mfuko wa dagaa jikoni, na harufu yake imenirudisha Nkome, siku tuliyofika na mama. Alikuwa ameacha ualimu na mji wa Shinyanga alioupenda, akaja ziwani kufanya biashara ya dagaa.

Wanawake waliokuwa wakianika mchangani walivitazama viatu vyake vya ngozi, wakacheka.

“Shikamoo, mwalimu. Jua hili utaliweza?” mmoja aliyekwisha kusikia habari zake akauliza.

“Marahaba. Nitaliweza.”

Akavua viatu, akanipa nishike. Mchanga ulimchoma hadi vidole vikajikunja.

“Mama, turudi nyumbani,” nikalia.

“Nyumbani ni hapa, mwanangu.”

Akainama, akaanza kutandaza dagaa. Baadaye yule aliyeuliza akasogea, akamwonyesha namna ya kuwageuza wasivunjike. Mama akakosea, akajaribu tena.

Hatukurudi Shinyanga.