Msiba Uko Wapi?

Simu ilinikuta barazani nachambua maharage. Aliyepiga ni mama mmoja ninayesali naye, hodari wa kubeba habari za vifo, na siku hiyo hata shikamoo aliisahau. "Bibi, yule kijana wenu wa ng'ambo amefariki. Hospitali, huko Same. Wanasema kichomi." Nikauliza lile ambalo mtu yeyote wa milimani kwetu huliuliza kabla hata chozi halijashuka: msiba uko wapi? Ninyi mnaonisoma kila mara mnajua kwamba swali hilo kwetu si la kutafuta njia. Msiba lazima uwe na nyumba. Sufuria zibandikwe mahali, watu wakae mahali, waliofiwa walale chini mahali, na hapo ndipo tunaposema marehemu alikuwa na kwao. Yule mama alikohoa. "Sasa hapo ndipo penye shida, bibi. Msiba... hebu ngoja niulize, nitakupigia." Hakupiga. Nikabaki na maharage yangu na hasira yangu, na ndiyo hasira ninayoiandika leo. Anayetafuta maneno ya kuliwaza aruke ukurasa huu, akasome matangazo.

Mhariri amenikataza kutaja majina ya watu. Mimi nimeishia darasa la nne, siwezi kushindana na mhariri, basi sitaji. Lakini wahusika wajue kwamba majina ninayo yote. Nawajua mmoja mmoja waliokaa kwenye kile kikao, najua nani alikaa kwenye kigoda na nani kwenye tofali, nayajua majina ya baba zao, na wengine najua walitangulia kichwa au miguu siku walipozaliwa, maana aliyewapokea ni mimi. Kwa hiyo nikisema hapa "fulani", fulani mwenyewe ajishike tu sikio. Najua safu hii mnasomeana kule juu baada ya ibada.

Kijana mwenyewe alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake alikufa yeye bado hajaanza shule, akalelewa na baba katika nyumba ya udongo iliyokuwa karibu na mfereji, njia ya kupandia Chome. Ndevu zilipoanza tu kuota akaondoka, akaenda Afrika Kusini. Kwa muda akawa anatuma salamu na mashati. Halafu kimya. Katika kimya hicho baba yake naye akafa, akazikwa, na kabla kaburi halijaota majani mdogo wake huyo baba akaibomoa ile nyumba. "Nyumba isiyolaliwa inafuga nyoka," alisema. Mahali pa nyumba akapanda tangawizi. Nyoka nadhani walihama, maana tangawizi ilistawi sana na bei ilikuwa nzuri.

Sasa siku kijana aliporudi, mnadhani walimpokeaje? Vizuri sana, kwa dakika chache. Habari ilikuwa imetangulia kwamba mtu wa ng'ambo anapanda na bodaboda, basi mke wa huyo baba mdogo akatoka mbio na vigelegele, kanga mpya kiunoni, majirani nyuma yake. Kijana akashuka. Begini alikuwa na blanketi na suruali moja. Yule mama akamkumbatia huku anachungulia barabara juu ya bega lake. "Mizigo mingine iko nyuma, baba?" "Hakuna, mama mdogo. Ni hii." Nilikuwepo, nilikuwa natoka kuteka maji. Kigelegele kilikatika kama umekibana na mlango. Mzee mmoja pembeni akasema, akidhani ananong'ona, "Huyu alikwenda ng'ambo au alikwenda kuchunga?" Watu wakacheka. Na kijana naye akacheka pamoja nao, maana hakuwa ameelewa kwamba kesi yake ilikuwa imekwisha kuhukumiwa pale pale, kwa kupimwa begi.

Siwadanganyi, hakuwa sawa. Wale wanaosema leo kwamba alikuwa malaika ni wale wale waliosema jana ni shetani, na mimi siko upande wowote wao. Alikuwa akiongea peke yake. Mlango ukifungwa akiwa ndani alitokwa jasho, anatazama dari kama linashuka. Mdomo wake ulikuwa mchafu, na akichukia hakuchagua mkubwa wala mdogo. Hata mimi alishanitukana, nami nikamtukana, tukamaliza. Alisema alifungwa kule kwa kukosa karatasi, halafu wakamrudisha. Mengine hakusema, na mimi sikumchokonoa. Mtu akirudi na kidonda hukiulizi kimetoka nchi gani, unatafuta maji ya moto.

Alikaa kwa baba yake mdogo siku za mgeni, kisha akaanza kuona sahani yake inasahaulika. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wa leo jembe wanakupa, mkeka wanauchukua. Akaomba kikao cha ukoo. Wanaume walikaa uani, sisi wanawake ukutani, na nilimsikia kwa masikio yangu anaomba vizuri, kwa heshima, mikono nyuma. "Baba mdogo, sikudai shamba. Nakuomba pale lilipokuwa jiko la mama. Nijenge chumba kimoja tu, mlango uangalie mfereji." Yule bwana hakumtazama. "Baba yako alipokuwa anafukiwa wewe ulikuwa wapi?" "Nilikuwa nimefungwa, baba." "Haya. Mtu hakumtupia baba yake udongo. Sasa udongo wa baba yake anaudai kwa nani?" Mwingine akadakia, "Si ungejenga kwanza, mwanangu, halafu ndiyo ufungwe?" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Mimi nikainuka. Nikamwambia mwenye mji, "Nyumba hii ina vyumba sita. Mnalala wewe na mkeo, na kimoja yanalala mahindi. Mahindi yana chumba, mtoto wa kaka yako hana?" Akaniambia kwa upole ule wa mtu mwenye bati jipya, "Bibi, vile ni vya watoto. Wanakuja Krismasi."

Hapo niruhusuni nitoke kidogo njiani, kwa sababu jambo hili si la mtu mmoja. Nyanyueni macho mtazame milima yetu. Kila kilima kina nyumba ya vigae, madirisha ya vioo, geti, na ndani hakuna mtu. Ni nyumba za Krismasi. Mwenyewe yuko Dar au Arusha, anakuja Desemba na gari, anafungua madirisha, anachinja mbuzi, anapiga picha, anafunga. Mwaka mzima vitanda vinatandikwa kwa ajili ya vumbi. Zamani nyumba zetu zilikuwa za udongo na zilijaa watu mpaka mtoto akigeuka usingizini wote wanageuka, na sikumbuki mtu wa kwetu aliyekosa pa kulala. Alikosa chakula, alikosa viatu, lakini pa kulala alisogezewa. Leo tumejenga vyumba vingi kuliko watu, na kazi ya vyumba vyenyewe imekuwa kuonyesha kwamba tunavyo. Tunafunga kwa kufuli, halafu Jumapili tunaimba kwamba hapa duniani sisi ni wapitaji.

Narudi. Kikao kiliamua kwamba kijana akafanye kwanza msaragambo, ile kazi ya pamoja, kwa sababu miaka yote hakuichangia. Ndiva yetu, lile bwawa linalotunza maji ya mfereji, ilikuwa imebomoka ukuta. Wakampeleka huko. Alifanya, jamani! Alibeba mawe, alizoa matope yamemfika mapajani, asubuhi yeye wa kwanza. Waliomtuma walikuwa wamekaa juu ya ukuta wanamwelekeza kwa fimbo. "Weka lile kubwa chini, wa Sauzi! Kule hamkufundishwa?" Ndiva ikajaa, maji yakagawiwa kwa zamu, tangawizi ya baba mdogo ikanyweshwa. Kijana akaenda kuuliza kuhusu jiko la mama yake. Akaambiwa tutaona baada ya mavuno. Ndipo alipoingia shambani mchana kweupe, akaanza kuing'oa ile tangawizi kwa mikono, shina kwa shina, anairusha njiani, analia na kutukana. Alikosea. Mazao ya mtu hayang'olewi. Lakini kwa kosa hilo moja kila mlango ulipata sababu. "Mmeona? Ni mwehu. Tulisema." Walifurahi, nawaambia, walifurahi kama watu waliotuliwa mzigo. Akateremka Same akiwa na begi lake.

Nilimkuta huko siku nilipokwenda kupima presha. Alikuwa sokoni, anabeba magunia na vijana wa stendi, na pa kulala pake ni chini ya meza za wauza nyanya. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Umekula?" "Nimekula." "Muongo. Unakohoa hivyo tangu lini?" "Vumbi tu, bibi." Nikamwambia chukua begi. Nikamweka kwenye ghala langu, tukasogeza magunia, nikamtandikia. Mlango hakuufunga, hata kwa baridi la kwetu lile liumalo mfupa. Alikuwa mtu wa kutulia pale. Alinitengenezea banda la kuku, akawa anawatukana kuku badala yangu. Ndipo siku moja akaja mwenyekiti wa kitongoji, amefuatana na yule baba mdogo, wamevaa makoti. "Bibi, unahifadhi mtu ambaye ukoo wake umemkataa. Kesho akikuua tutasema nini?" Nikawaambia mtasema mlichozoea, kwamba mlisema. Wakanitishia polisi, nikawaonyesha njia. Lakini kijana alikuwa nyuma ya ghala amesikia. Asubuhi nikakuta blanketi langu limekunjwa. Aliniachia neno kwa jirani: "Mwambie bibi yeye atabaki nao, mimi naondoka." Akarudi chini ya meza, mvua ikaja, na kile kikohozi hakikuwa vumbi.

Sasa msiba. Mtanisamehe nikiandika kwa kubana meno. Jioni ya siku ile ya maharage simu zilianza kupita: msiba uko kwa baba yake mdogo. Kumbe kwao pakapatikana! Nikapanda. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, makande yanachemka kwenye masufuria makubwa. Na vyumba, wapendwa wangu, vyumba vyote vilikuwa wazi. Kufuli zimetolewa. Mahindi yametolewa. Magodoro yametandikwa ukuta kwa ukuta, mashuka ya Krismasi yenye maua, ili watu walale matanga. Mke wa mwenye mji akanishika mkono, macho mekundu, "Bibi, wewe ni mtu mzima, usilale chini. Kuna kitanda kizuri chumba cha mwisho." Nilikitazama kile kitanda, nikatoka nje.

Kaburi lilichimbwa pale pale alipoomba. Mtu wa kwetu huzikwa kwenye udongo wa baba yake, na aibu ya kumzika kwingine hakuna aliyeiweza. Basi tangawizi ikang'olewa. Niliwatazama wanavyoing'oa, shina kwa shina, wanairusha njiani, watu wale wale, na hakuna aliyeitwa mwehu. Sururu ya mmoja ikagonga jiwe, likatoka jeusi la masizi. Figa la mama yake. Wakalisukuma kando kwa mguu. Baba mdogo akasimama na kipaza sauti. "Mwanangu ametutoka. Ametuachia pengo kubwa." Nami kwa umri wangu huwa napewa neno. Nikapewa. Nikasema, "Sina neno, nina swali. Mlipimaje eneo hili? Naona kaburi na chumba kimoja ni karibu sawa." Kipaza sauti kikachukuliwa mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na kwaya ikaambiwa iimbe.

Sikulala kile kitanda. Nilipokuwa naondoka nikawakuta getini vijana wale wa stendi, wabeba magunia, wamepanda kwa miguu kutoka Same, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mmoja akanisogelea. "Shikamoo, bibi. Sisi tulitaka kulala matanga ya mwenzetu, ila hapo ndani wametuuliza sisi ni nani." Nikawaambia mmekosea nyumba. Nikawapeleka kwangu, nikawatandikia kwenye ghala. Wa mwisho kuingia alitaka kufunga mlango kwa sababu ya baridi, mwenzake akamwambia, "Acha. Jamaa alikuwa hapendi." Wakalala hivyo hivyo, mlango wazi, wamebanana kama tulivyokuwa tukibanana zamani.

Fundisho langu ni fupi, kwa sababu elimu yangu ni fupi. Sisi ni hodari wa kuuliza msiba uko wapi. Tunauliza haraka, tunapanda mlima na mchele na sukari. Basi jifunzeni swali la kabla yake: unalala wapi? Ulizeni mtu akiwa bado anaweza kujibu, na msiulize kama hamna nia ya kusogea. Na wewe bwana wa vyumba sita, najua unasomewa hapa, na jina lako ninalo. Nasikia umeshayarudisha mahindi chumbani na umefunga. Siku yangu ikifika, usije kunililia kwangu ukiwa na koti lile. Utaambiwa msiba uko ghalani, na utatakiwa ulale na vijana wa stendi, mlango wazi.