Ndizi Zilizomwasha Mama

Mama aliolewa Ngara akitokea Nyamigogo, na tangu siku za kwanza ukweni hakugusa ndizi mbivu, kwa kuwa zilimwasha midomo na koo. Bibi, mama mkwe wake, aliamini kwamba mama analidharau shamba lake la migomba.

Mwaka jana, kwenye maabara ninakofanya kazi, tulipandikiza jeni ya ndizi ndani ya bakteria ili watutengenezee protini inayowasha baadhi ya watu. Tuliwapasua bakteria hao, tukaichuja protini na kuisafisha mara nyingi, mpaka kwenye kipimo ukabaki mstari mmoja tu, ishara kwamba protini imebaki peke yake. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimpa bibi shikamoo yake, kisha nikamweleza yote.

“Kwa hiyo hiyo protini imo kwenye ndizi zangu?” aliuliza.

“Imo kwenye ndizi zote, bibi. Mwili wa mama unaiona kama adui.”

Bibi alimwita mama kutoka jikoni. “Mwanangu, nimekuonea miaka yote hii.”

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile bibi alimmenyea nanasi, tunda lisilomwasha, kwa mkono wake mwenyewe.